Ugatuzi ulioishia makao makuu ya kaunti: kisa cha hospitali moja nchini Kenya

Kisa hiki ni cha hospitali moja ya umma nchini Kenya ambayo hadi 2013 ilikuwa hospitali ya wilaya, kisha ikawa hospitali ya kaunti ya ngazi ya 4 kati ya ngazi sita za vituo vya afya nchini. Jina lake, la kaunti na ya wahusika yameachwa nje, na mambo madogo madogo yamebadilishwa ili isitambulike. Sheria, tarehe na viwango vya fedha vya kitaifa vimebaki vilivyo. Nimekiandika nikiwafikiria wanaoketi kwenye bodi za hospitali, wasimamizi wao, na maafisa wa hazina za kaunti ambao kila mwisho wa mwezi huuliza kwa nini hospitali "haifikishi lengo la mapato."

Usuli

Kenya ilianza kuwatoza ada wagonjwa wa hospitali za serikali mwishoni mwa 1989. Baada ya vurugu za mwanzo mpango ulisitishwa kwa sehemu mwaka uliofuata, kisha ukarudishwa hatua kwa hatua. Ulikuja na kanuni moja iliyodumu zaidi ya miaka 20: katika kila shilingi iliyokusanywa dirishani, robo tatu zilibaki hospitalini na robo moja ilikwenda kwenye huduma za msingi za afya za wilaya. Bodi ya hospitali iliketi, ikapanga matumizi, mpango ukapitishwa wilayani, hundi zikaandikwa.

Ukilinganisha na gharama yote ya kuendesha hospitali, fedha hizo hazikuwa nyingi. Mishahara ilitoka Nairobi na dawa zilitoka kwa shirika la taifa la usambazaji, KEMSA. Lakini ni ada hizo zilizonunua mkate na maziwa ya wagonjwa, dizeli ya jenereta, sabuni ya chumba cha kufulia na glavu pale stoo ilipokauka. Ni hizo pia zilizowalipa vibarua wa usafi.

Ubaya wake unajulikana. Watu maskini walikaa nyumbani na maradhi yao, na aliyepona bila kulipa alizuiliwa wodini hadi ndugu wachange. Kwa hiyo sisemi kwamba enzi hiyo ilikuwa njema. Nasema hospitali ilikuwa na akaunti.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mpangilio huo wote. Jedwali lake la Nne liliiachia serikali ya taifa sera ya afya na hospitali kuu za rufaa. Vituo vya afya vingine, maduka yake ya dawa na ambulensi vikawekwa chini ya kaunti 47. Mpango wa awali ulikuwa kuhamisha majukumu kidogo kidogo kwa miaka mitatu, kila kaunti kwa kadiri ya utayari wake. Magavana waliochaguliwa Machi 2013 hawakuwa na subira hiyo, na kwa kweli wapiga kura wao hawakuwa nayo pia. Kufikia Agosti 2013 huduma za afya zilikuwa zimehamishwa kwa tangazo rasmi kwa kaunti zote kwa mpigo, ikiwemo ile tunayoizungumzia, ambayo wakati huo idara yake ya afya ilikuwa na waziri wa kaunti, afisa mkuu mmoja na chumba cha kuazima.

Miezi michache kabla ya hapo, Juni 2013, serikali ya taifa ilikuwa imefuta ada kwenye zahanati na vituo vya afya, na kutangaza kujifungua bure katika vituo vyote vya umma. Fidia iliyoahidiwa ilikuwa shilingi 2,500 kwa kila mama aliyejifungulia zahanati au kituo cha afya, na 5,000 kwa hospitali. Wajawazito walikuja, kama ilivyotarajiwa. Wodi ya kina mama ikawa na wawili wawili kitandani.

Yaliyotokea

Kabla ya mwaka huo kuisha, hazina ya kaunti iliiandikia hospitali barua fupi. Mapato yote yapelekwe benki siku hiyohiyo kwenye akaunti ya mapato ya kaunti. Akaunti ya hospitali ifungwe. Hospitali iwasilishe bajeti kama idara nyingine yoyote na ingoje barua ya idhini ya matumizi kila robo mwaka. Wiki iliyofuata, dirishani walikuwa wameketi makarani wa mapato wa kaunti, walewale wanaotoza ushuru sokoni na kwenye stendi ya matatu.

Barua ya kwanza ya idhini ilichelewa. Bajeti ya kaunti ilikuwa imekwama kwenye bunge la kaunti, Msimamizi wa Bajeti wa taifa hakuwa ameridhia utoaji wa fedha, na mgao wenyewe kutoka Nairobi ulikuwa haujafika. Hapo ndipo ilipojitokeza hali ambayo wafanyakazi wa zamani bado wanaisimulia kwa kicheko cha uchungu: hospitali ilikuwa ikikusanya pesa kila siku ya Mungu, na haikuwa na shilingi moja ya kutia dizeli kwenye jenereta. Mwoka mikate alileta kwa mkopo hadi akachoka. Msambazaji wa oksijeni akataka alipwe kwanza. KEMSA, ambayo sasa iliuza kwa kaunti badala ya kusambaza kwa gharama ya wizara, ikaanza kukataa maagizo kwa sababu ya deni.

Kufikia katikati ya 2014 mgonjwa aliyelazwa alipewa karatasi ya mambo ya kununua: glavu, pamba, dripu, uzi wa kushonea. Kemisti zilizokuwa mbili nje ya lango zikawa safu nzima. Mji mdogo hauna siri, na wenyeji walijua ni zipi kati yake zilizokuwa za watu wanaofanya kazi ndani.

Maabara ilifuata. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, viliisha na havikuagizwa. Msimamizi wa hospitali, kwa ridhaa ya mdomo ya afisa mkuu wa afya, aliingia makubaliano na maabara ya binafsi: wangeleta mashine yao ndani ya jengo la hospitali, watoze wagonjwa wenyewe, na waipe hospitali asilimia fulani. Usafi na ulinzi navyo vikapewa kampuni, kwa kuwa kaunti ilikuwa imepiga marufuku hospitali kuajiri vibarua. Zabuni ilitolewa makao makuu ya kaunti. Msimamizi wa hospitali aliona mkataba wa usafi siku wafanyakazi wa kampuni walipofika getini na ndoo zao.

Mwaka 2015 ukaja mpango wa kitaifa wa kukodisha vifaa tiba. Wizara iliingia mikataba ya miaka saba na kampuni za kimataifa kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za taifa. Kaunti hazikuwa upande wa mkataba, ila gharama ilikatwa kwenye fedha zao kabla hazijawafikia: shilingi milioni 95 kwa kila kaunti kwa mwaka mwanzoni, na milioni 200 kufikia mwaka wa fedha 2018/19. Hospitali yetu ilipata vifaa vya upasuaji, mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na mashine ya kisasa ya eksirei. Za figo zilianza kazi mapema na hazijawahi kukosa wagonjwa. Ya eksirei ilikaa muda mrefu kwenye chumba chake kipya ikisubiri umeme wa nguvu ya kutosha na mtu aliyefunzwa kuiendesha, huku kaunti ikiendelea kuilipia.

Kisha migomo. Madaktari waligoma kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, siku 100, wakidai mkataba wa maslahi uliotiwa saini 2013 na serikali ya taifa wiki chache kabla ya wao kuhamishiwa kwa mwajiri mwingine. Miezi michache baadaye wauguzi wakagoma kwa takriban miezi mitano. Kwa sehemu kubwa ya mwaka huo wodi zilifungwa. Kliniki za binafsi mjini zilipanua majengo.

Baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, uongozi mpya wa kaunti ulipeleka mswada kwenye bunge la kaunti ili hospitali zibaki na makusanyo yao. Ulipita kwa shida, na akaunti ya hospitali ikafunguliwa upya karibu miaka mitano baada ya kufungwa.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Ni rahisi kumchora afisa wa hazina wa 2013 kama mchoyo. Hakuwa. Ibara ya 207 ya Katiba inataka fedha zote zinazokusanywa na kaunti au kwa niaba yake ziingie kwenye Hazina ya Mapato ya kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria imezitoa, na zisitoke bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Afisa aliyekuwa ametoka kuhudhuria semina juu ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 aliona akaunti ya hospitali kama tundu la panya ghalani. Isitoshe, kaunti hii kavu isiyo na viwanda ilikuwa inatafuta namna ya kuonyesha Nairobi na wapiga kura kwamba inajikusanyia mapato yake. Ada za hospitali zilikuwa miongoni mwa makusanyo yake makubwa kuliko yote. Kuziacha nje ya vitabu kungeifanya kaunti ionekane ombaomba.

Alichokosa kuona, au hakuambiwa, ni kwamba sheria hiyohiyo ya 2012, kifungu cha 109, iliruhusu taasisi ya kaunti kubaki na fedha ilizopokea kwa ajili ya gharama zake, mradi kuwe na sheria inayosema hivyo, hata ya kaunti. Mlango ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Kaunti chache ziliupitia mapema. Nyingi zilihitaji miaka ya mateso kwanza, na hii ilikuwa mojawapo.

Uamuzi wa msimamizi wa hospitali kuingiza maabara ya binafsi unastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndani yake ndimo ubinafsishaji ulimoingilia. Hakuna aliyewahi kutangaza sera ya kubinafsisha maabara. Hakukuwa na tathmini ya gharama wala mjadala kwenye bodi, maana bodi yenyewe ilikuwa imekoma muhula wake na haijateuliwa upya. Kulikuwa na daktari wa zamu aliyehitaji kipimo cha damu cha mtoto usiku huo, na mashine isiyo na vitendanishi. Kwa mtazamo wake msimamizi aliokoa maisha, na sina shaka aliokoa. Ila makubaliano yaliandikwa kwenye ukurasa mmoja na nusu. Hayakuwa na bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, hayakueleza mgonjwa asiye na uwezo atapimwaje, na hayakuwa na tarehe ya mwisho. Hospitali iliyojaribu kuyafungua tena miaka mitatu baadaye iligundua kwamba wataalamu wake wawili wa maabara walikuwa tayari wameajiriwa na upande wa pili.

Kuhusu vifaa vya kukodi, kaunti haikufanya uamuzi wowote wa maana. Gavana alisaini makubaliano na wizara ya kuvipokea kwa sababu kutosaini kungemfanya aonekane anawanyima watu wake mashine.

Matokeo

Mwaka wa kwanza baada ya akaunti kufunguliwa upya, mabadiliko yalionekana kwenye mambo madogo. Mkate ulirudi. Jenereta ilikuwa na mafuta. Karatasi za kununua glavu zilipungua, ingawa hazikwisha. Makusanyo ya dirishani yalipanda bila ada kupandishwa, na kila aliyefanya kazi pale anajua sababu: muuguzi mkuu wa wodi alipojua kwamba fedha zitarudi kununua vitu vya wodi yake, hakukubali tena mgonjwa alipe "kwa mkono" bila risiti.

Furaha hiyo ilipunguzwa na hazina yenyewe. Bajeti ya mwaka uliofuata ilikata mgao wa hospitali kwa kiasi kinachokaribia kile ambacho hospitali ilitarajiwa kukusanya. Hoja ilikuwa kwamba sasa inajitegemea.

Mwaka 2023 Bunge la Kenya lilipitisha sheria inayolazimisha kaunti zote kuacha mapato ya vituo vya afya yatumike vituoni, nayo ikasainiwa Oktoba mwaka huo pamoja na sheria ya bima mpya ya afya ya jamii. Sheria hiyo inasema pia kwamba mapato hayo ni nyongeza juu ya mgao wa kaunti, hayaji badala yake. Mwaka mmoja baadaye, 1 Oktoba 2024, mamlaka mpya ya bima, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali. Hospitali hii sasa ina akaunti, bodi na kinga ya sheria. Ila sehemu kubwa ya kile kinachopaswa kuingia kwenye akaunti hiyo ni madai ya bima, na madai huchelewa. Deni la NHIF lililoachwa nyuma bado limo vitabuni.

Uchambuzi

Ukisoma ripoti nyingi kuhusu afya nchini Kenya utadhani swali ni kama ugatuzi ulikuwa mzuri au mbaya. Kisa hiki kinauliza jambo jingine: madaraka yalitoka wapi, yakafika wapi? Yalitoka Nairobi na kusimama makao makuu ya kaunti. Kwa hospitali, hilo halikuwa kugatuliwa. Ilipoteza hata uhuru mdogo iliokuwa nao chini ya wizara, na bosi wake mpya alikuwa karibu kiasi cha kuweza kupiga simu kuuliza juu ya zabuni ya mabomba. Kuna watu wanaotumia ushahidi wa namna hii kudai afya irudishwe kwa serikali ya taifa. Siafikiani nao. Kilichoponya hospitali hii ni kusukuma ugatuzi hatua moja mbele, kutoka kaunti hadi kituo, na hatua hiyo haikuhitaji kubadilisha hata nukta ya Katiba.

Jirani Tanzania walilikabili tatizo la aina hii kwa njia tofauti. Huko wilaya zilikuwa na madaraka kupitia halmashauri muda mrefu, na fedha ziliishia halmashauri vilevile. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za benki za zahanati, vituo vya afya na hospitali, zikiambatana na mfumo rahisi wa uhasibu wa kituo. Hayo yana matatizo yake, hasa kwa zahanati ambayo muuguzi ndiye mhasibu. Hata hivyo mpangilio ni wa kufikiria: akaunti na mhasibu viliwazwa pamoja. Katika hospitali yetu ya Kenya akaunti ilifunguliwa kwanza, na mhasibu wa kuitunza alipatikana miezi mingi baadaye, hali iliyowapa wapinzani wa sheria ile hoja yao ya kwanza ya ukaguzi.

Kilichofanya kazi ni sheria ya kaunti yenye masharti. Ilitaka ripoti ya kila robo mwaka ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa hospitali, na ikampa mwakilishi wa wagonjwa kiti kwenye bodi. Ripoti hizo zilisomwa na watu wachache. Zilitosha kwa sababu mmoja wa wachache hao alikuwa mwalimu mstaafu mwenye muda mwingi na kalamu nyekundu.

Kilichoshindwa kabisa ni kuchukulia ubinafsishaji kama ajali. Mashine za figo na maabara ya nje zote zilikuwa mali ya kampuni ndani ya hospitali ya umma, lakini moja ilifaulu na nyingine ikawa mzigo, na tofauti haikuwa ubora wa kampuni. Usafishaji wa damu ulikuwa na mlipaji anayejulikana: NHIF ililipa kwa kila kipindi, kwa bei iliyopangwa, vipindi viwili kwa wiki, na mgonjwa mwenye kadi hakutoa pesa mlangoni. Maabara haikuwa na mlipaji isipokuwa mfuko wa mgonjwa. Pale ambapo umma umejipanga kulipa, mtoa huduma binafsi anaweza kuwa fundi tu. Pale ambapo haujajipanga, yeye ndiye anayeamua nani apimwe.

Mashine ya eksirei ni kisa chake peke yake. Mkataba uliosainiwa Nairobi uliihesabu hospitali kama "tayari" kwa kutazama ngazi yake, si kwa kutazama nguzo ya umeme iliyo nje. Kama kaunti ingekuwa upande wa mkataba, ingekuwa na haki ya kukataa kulipia kifaa kisichowashwa. Haikuwa nayo, na fedha zilikatwa juu kwa juu kabla hata ya kufika kwenye akaunti yake.

Kuhusu kukatwa kwa mgao, sheria ya 2023 imesema la kusema, na bado haitoshi. Hakuna hospitali inayoweza kuishtaki hazina ya kaunti yake mwenyewe. Kinachowezekana ni kwamba bodi, kabla bajeti haijapelekwa kwenye bunge la kaunti, iweke mezani takwimu mbili kando kwa kando: mgao wa mwaka jana na wa mwaka huu, bila mapato ya hospitali. Bodi ya hospitali hii ilianza kufanya hivyo, na wawakilishi wadi wawili wakaichukua hoja hiyo wakaiuliza kwenye kamati ya bajeti. Mwaka huo mgao haukukatwa.

Makubaliano ya maabara yangalipo. Bodi imepitisha kwamba yaandikwe upya yakiwa na bei ya juu kabisa, tarehe ya mwisho, na kipengele kinachomtaka mwenye maabara awafunze wataalamu wawili wa kaunti kila mwaka. Mwenye maabara amekubali mawili ya kwanza na kuomba muda juu ya la tatu. Wakati huohuo hospitali imeanza kununua vitendanishi vyake kwa vipimo vitano vinavyotakiwa zaidi usiku, kwa fedha za akaunti yake, ili asubuhi ya mazungumzo ifike ikiwa na mahali pa kusimama.